Mashahidi na Muhuri: Nyumba Zilivyouzwa Kasongo na Kabambare

Kabla sijajua sheria yoyote, marehemu baba yangu alinifundisha kanuni moja: nyumba iuzwe mchana, barazani, majirani wakiona. Alikuwa fundi cherehani Kabambare, na kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka vizuri, watu walimwita kila palipouzwa nyumba au shamba la michikichi. Aliandika kwenye karatasi ya daftari jina la muuzaji, la mnunuzi, bei, kisha mipaka: mashariki kwa nani, magharibi kwa nani, mwembe uko upande gani. Majirani wa pande zote nne walitia sahihi au dole gumba. Mke wa muuzaji aliitwa kutoka uani, akaulizwa mbele ya watu kama amekubali. Kapita, msimamizi wa mtaa, alipewa kuku wake, karatasi ikasomwa kwa sauti mara ya mwisho, na hapo ndipo fedha zilipohesabiwa.

Mimi leo ni mtetezi wa mahakamani hapa Kasongo, na kesi za viwanja na nyumba ndizo nyingi mezani kwangu. Nimesoma hati za kila aina: zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, zilizopigwa taipu, zenye mihuri mitatu na zisizo na muhuri hata mmoja. Nilichojifunza ni kwamba watu wa kusini mwa Maniema hawapotezi nyumba zao kwa kukosa desturi ya kuuza na kununua. Desturi wanayo, na ni ya zamani. Wanazipoteza kwa sababu zaidi ya karne moja sasa, ushahidi wa watu na karatasi ya Leta, yaani Dola, vimepita njia mbili tofauti. Anayezijua njia zote mbili huweza kumnyang'anya anayejua moja. Ndiyo maana nataka kueleza historia hii tangu mwanzo wake.

Katikati ya miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake makuu. Misafara ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikaja Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Wafanyabiashara wale walikuwa watu wa maandishi. Mali yao ilitoka Unguja kwa mkopo. Tippu Tip mwenyewe alifadhiliwa na tajiri wa Kihindi, Taria Topan. Kurani, katika sura ya Bakara, inaamuru deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, tena mbele ya mashahidi. Kwa hiyo wazo kwamba mapatano makubwa yanahitaji kalamu na mashahidi kwa pamoja halikuja na Wabelgiji. Lilikuwa limeshafika kwetu pamoja na hati za Kiarabu, na limebaki kwenye familia za Waislamu wa Kasongo hadi hii leo.

Lakini lazima niseme pia yale ambayo wazee wengine hupenda kuyaruka. Ardhi ambayo Kasongo ile ilijengwa juu yake haikununuliwa barazani. Bunduki ilitangulia. Wabangubangu, Wazimba, Wasonge na Wakusu walikuwa na wenye nchi wao, watu waliojua ukoo upi ulifyeka msitu upi na nani alimkaribisha nani. Wengi waliondolewa, wengine wakatekwa na kuuzwa wao wenyewe. Mtumwa aliyejenga ukuta hakuhesabiwa mwenye ukuta. Nikisikia mtu mahakamani anasema familia yake ni ya Kasongo tangu wakati wa Waarabu, namwuliza: iliingiaje? Swali hilo lina uzito, kwa sababu upande wa pili mara nyingi yuko mtu ambaye babu zake ndio waliofukuzwa.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Kasongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikimbia, na mwaka huohuo akauawa. Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi lile, Sidney Hinde, alichapisha kitabu mwaka 1897 akieleza jinsi hata askari wa kawaida walivyolala kwenye vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri na vyandarua vya hariri. Kabambare ilishikwa Januari 1894. Baadaye mji wa Kasongo ulihamishwa, na mahali pa zamani pakabaki na jina la Tongoni. Mwenye nyumba wa jana hakuwa na mahali pa kupeleka hati yake. Vitanda vile vya kuchonga vilikuwa na wenyewe, lakini sikuona popote kwamba kuna aliyeulizwa hati kabla ya askari kuvilalia.

Na hapa kuna jambo ambalo huwasimulia vijana wanaokuja kunisaidia kazi. Sheria iliyowaondoa watu kwenye ardhi yao ilikuwa imeandikwa miaka karibu 8 kabla ya jeshi kufika. Tarehe 1 Julai 1885, Francis de Winton, msimamizi mkuu wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Kongo ya chini, alitia sahihi amri iliyosema kwamba hakuna mwenye haki ya kukalia ardhi tupu bila hati, na kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Siku ile Kasongo ilikuwa mikononi mwa Tippu Tip. Hata mwaka 1887 mpelelezi Stanley alipokwenda Unguja kutia sahihi naye mkataba wa kumfanya liwali wa Stanley Falls, Tippu Tip ndiye aliyekuwa bwana wa nchi hii. Kabambare hakuna aliyeisikia amri ya de Winton. Hata hivyo ilitungwa kwa ajili yao pia, na jeshi lilipofika, ilifika nalo.

Amri hiyohiyo ilikataza kuwaondoa wenyeji kwenye ardhi wanayoikalia. Ukisoma haraka utaona ulinzi. Shida ilikuwa katika kuamua ni ardhi ipi inayokaliwa. Kwa watawala, mahali panapokaliwa palikuwa nyumba na shamba lenye mazao leo. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, msitu wa kuwindia, bonde la miwale na michikichi, kaburi la ukoo katikati ya pori: yote hayo yalihesabiwa tupu. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kupanua maana ya ardhi ya wenyeji, lakini wa kuamua alibaki afisa wa serikali.

Kwa upande wa hati, Dola ilichukua mfumo uliobuniwa na Robert Torrens huko Australia ya Kusini mwaka 1858. Katika mfumo huo, mwenye haki ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la serikali, basi. Mashahidi hawahitajiki tena. Daftari ndilo shahidi. Na tarehe 30 Julai 1888 ikatoka amri ya mikataba, ambayo kwa sehemu kubwa bado tunaitumia mahakamani. Ndani yake mna maneno mazuri: mapatano yaliyofanywa kihalali huwa ni sheria kwa waliopatana, na kuuza kitu cha mwenzio ni kazi bure. Maneno hayo nimeyatumia kuwatetea wajane wengi. Lakini kwa miaka mingi hayakuwa ya wajane wetu. Yalikuwa ya Wazungu, misheni na kampuni.

Wenyeji walitengewa mahakama zao. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za jadi: za machifu, za sekta, za vituo, za teritwari. Ugomvi wa nyumba za nyasi au za matofali mabichi uliamuliwa huko, kwa desturi, mbele ya wazee, karani akiandika. Nyumba ya mfanyabiashara wa kigeni kwenye barabara kuu ilikuwa na namba kwenye daftari la hati. Nyumba ya fundi wake, hatua chache nyuma, ilikuwa na wazee tu. Ndani ya mji mmoja kulikuwa na sheria mbili za nyumba.

Mwaka 1931 Wabelgiji waliunda vituo vya mijini vilivyoondolewa chini ya machifu, na aliyepangiwa kiwanja kwenye makazi ya Waafrika alipewa kijitabu, livret de logeur kwa lugha ya ofisi, ambacho kwetu wazee walikiita buku ya nyumba. Babu yangu mzaa mama alikuwa nacho. Alikitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na karatasi za kodi, na alikionyesha kwa fahari kwa sababu kilikuwa na jina lake lote. Kwa jinsi sheria ilivyokisoma, kijitabu kile kilimpa ruhusa ya kukaa tu. Alijenga kuta kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, akapanda michungwa, akalea watoto humo, lakini ardhi haikuwa yake na haki yake ilimfuata yeye binafsi. Mwaka 1953 tu ndipo amri ilipotoka kuwaruhusu Wakongo kumiliki nyumba na ardhi kama mtu binafsi. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka 7. Huku kwetu ni wachache waliowahi kuufikia umiliki huo.

Uhuru ulipokuja, mlango haukufunguliwa kwa wenye vijitabu. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipita Kasongo na Kabambare, na wazazi wetu walikimbilia porini. Waliorudi walikuta paa limeungua na karatasi imeungua pamoja nalo. Kilichowaokoa wengi wao ni majirani waliosimama na kusema: hapa palikuwa pa fulani, mpaka wake ni ule mti. Kisha Juni 1966 ikaja sheria ya Bakajika, iliyorudisha ardhi na madini yote mikononi mwa taifa. Na tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kuu ya ardhi ambayo ndiyo msingi wa kazi yangu. Inasema udongo ni mali ya Dola peke yake. Hauuzwi, na haupotei kwa kupita miaka.

Mteja akisikia hivyo kwa mara ya kwanza hushtuka. Kama udongo ni wa Leta, mimi nimenunua nini? Namweleza hivi. Mkongo anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, inayorithishwa na kuhamishwa. Mgeni na kampuni hupewa haki ya miaka isiyozidi 25 inayoweza kurudiwa. Nyumba uliyojenga ni yako. Lakini haki juu ya kiwanja inathibitika kisheria kwa cheti cha kuandikishwa tu, kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Hati ya mauzo, iwe na mashahidi kumi, ni mwanzo wa njia. Na cheti kikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu mno kukivunja. Aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia.

Hiyo miaka miwili ndiyo hatari kubwa. Mtu mwenye uwezo wa kusafiri hadi ofisi ya Kindu, kulipa vipimo na ada, huweza kuandikisha kiwanja ambacho mwenzake anakaa bila habari. Mwenye nyumba anaendelea kufagia uwanja wake, anaendelea kulipwa kodi na mpangaji wake, huku daftari likihesabu siku. Anapogundua, majirani wote wa pande nne wanaweza kusimama upande wake, na bado akashindwa.

Kijijini hali ni ngumu zaidi. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi ya jamii kuwa ya Dola, halafu ikasema haki za wanaoikalia kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Watawala wakapokezana, miongo ikapita, na amri ile hatukuiona. Kwa hiyo ukitoka Kasongo kwenda Kabambare, chifu anaendelea kugawa ardhi kama babu zake walivyogawa, anapokea mbuzi wake, na mkulima anapewa karatasi yenye muhuri wa sekta. Wote wawili wanafanya kwa nia njema. Siku kampuni inapokuja na kibali kutoka mjini, karatasi ile inaitwa desturi tu. Watu wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, wanalijua jambo hili kuliko mwanasheria yeyote.

Vita vya 1998 hadi 2003 viliongeza tabaka jingine. Maniema iligawanyika: miji mikubwa, Kasongo ikiwemo, ilikuwa chini ya waasi wa RCD wenye makao Goma, na porini walikuwa Mai-Mai. Kinshasa ilikuwa na serikali yake, Goma utawala wake, na kila upande ulikuwa na mihuri. Waliokimbia waliuziwa nyumba zao nyuma yao. Wengine waliuza wenyewe, kwa bei ya njaa, ili wapate nauli au dawa. Amani ilipokuja, nilipokea karatasi mbili za nyumba moja, zote na mihuri, zote na mashahidi, na kila mnunuzi akiwa ametoa fedha halali. Kazi kama hiyo haimalizwi kwa kusoma vifungu. Unarudi kwa majirani, unauliza nani alipika wapi mwaka gani, nani alizika mtoto uani, nani alilipa fundi wa paa.

Nisimulie kesi moja, bila jina la mtu. Mjane mmoja wa hapa Kasongo alipoteza mume kwa ugonjwa. Kabla ya arobaini, shemeji yake aliiuza nyumba kwa kijana aliyepata fedha kwenye machimbo ya Salamabila. Komisyonere, yaani dalali, aliwakutanisha, hati ikaandikwa ndani ya chumba, jioni, na mashahidi wawili walikuwa marafiki wa shemeji. Ofisi moja ikaipiga muhuri. Asubuhi kijana alikuja na mafundi kubadilisha kufuli. Mama yule alifika kwangu na watoto wanne, akaniuliza: "Mwanangu, mume akifa na mimi nimekufa?"

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa upande wake. Watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, nao huchukua robo tatu ya mirathi. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Shemeji hakuwa na nyumba ya kuuza. Lakini sheria hiyo ilihitaji ushahidi kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu. Mjane akafungua sanduku la bati, akatoa karatasi ya daftari ya miaka ya nyuma: bei, mipaka, sahihi, madole gumba. Majirani wawili kati ya wanne walikuwa hai. Walikuja tribinalini kwa miguu, wakaonyeshwa karatasi, na kila mmoja akatambua alama yake. Mauzo yalivunjwa. Kijana wa machimbo naye alikuwa ameumizwa. Mahakama ikaamuru shemeji amrudishie fedha, naye akazirudisha kidogo kidogo. Na mama hakuishia hapo. Tulianza naye safari ya cheti, kwa majina ya watoto, ili karatasi ya daftari isibaki peke yake tena.

Ona kilichomwokoa. Kifungu cha sheria peke yake kisingetosha, na karatasi ya daftari peke yake isingetosha. Vilimsaidia vilipokutana, na kukutana huko kulihitaji mtu wa kuvikutanisha. Kwangu, huo ndio msaada wa kisheria katika kuuza na kununua nyumba. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 iliyopanga kazi ya mawakili ilituweka sisi watetezi kwenye tribinali za chini, na ikataka pia pawe na ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Mawakili wakubwa huishi mijini mbali. Mtetezi anakaa karibu na mwembe unaogombewa, anaweza kwenda kuuona.

Kwa hiyo mtu akitaka kununua, simpi fomu kwanza. Nakwenda naye kwenye nyumba mchana. Namwuliza muuzaji aliipataje, na kama ni urithi, warithi wote wako wapi. Aliye mbali alete uwakilishi ulioandikwa. Namwita mke au mume. Tangu marekebisho ya Julai 2016 mke haombi tena ruhusa ya mumewe ili atie sahihi, na nyumba ya wanandoa inataka ridhaa ya wote wawili. Baba yangu alikuwa akiuliza uani muda mrefu kabla ya hapo. Tunapima mipaka na majirani, nyumbakumi na kapita wakiwepo. Tunakwenda kwenye ofisi ya ardhi kuangalia kama kiwanja kina fishi, yaani karatasi ya ofisi hiyo, au cheti cha mtu mwingine. Fedha hutolewa mbele ya wote. Kisha hati hupelekwa kwa mthibitishaji wa serikali, na kutoka hapo kwa konservateri. Mnunuzi akichoka njiani, namsukuma.

Ninachodai kwa Leta ni kidogo, na kimechelewa mno. Haki za ardhi ya desturi zilizoahidiwa mwaka 1973 ziandikwe na zifike vijijini kwa lugha ambayo watu wanaisema. Kila sekta ya Kasongo na Kabambare iwe na daftari la mauzo lililo wazi, ambalo mjane anaweza kufunguliwa na kusomewa. Ofisi ya hati isiandikishe kiwanja kabla mtu wake hajakanyaga pale na kuuliza majirani. Na vijana wa Maniema wanaosoma sheria warudi huku, wajifunze kusoma mipaka ya mwembe na kaburi kama wanavyosoma kifungu, kwa sababu mama anayebadilishiwa kufuli leo hawezi kungoja hadi wamalize kutafuta kazi Kinshasa.